Shukrani za Kogo kwa Watu wa Ndege

Sikutafsiri maneno yote. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimesema niliyatafsiri, na kwamba watu wa uwanja wa ndege ndio walioyakata. Nimesema hivyo mbele ya mama yangu, mbele ya pasta, na mara moja nikiwa nimeshika Biblia, ingawa ilikuwa ya kuazima. Nilidanganya.

Ilikuwa miaka ya tisini. Uwanja mpya ulijengwa mbali, hakuna mtu wa kijiji chetu karibu na Litein aliyekuwa ameuona, lakini matumbo ya ndege zake tuliyajua vizuri. Zilikuwa kwenye majaribio. Kila asubuhi na kila jioni ndege moja ilipita chini sana juu ya kilima chetu, mabati yakitetemeka na wachuma chai wakiinama kama watu wanaotupiwa mawe. Njia za kuchagua zilikuwa mbili: juu yetu, au juu ya bonde la pili, walikoishi mameneja wa shamba kubwa la chai pamoja na kiwanja chao cha gofu. Kabla ya kuamua, mtaalamu Mzungu angekuja kutusikiliza.

Siku hizo kupinga maendeleo kulitosha kumfanya mtu aitwe ofisini kujieleza. Kwa hiyo wanaume wetu, mashujaa wote, wakakubaliana kwamba atakayesema ni jirani yetu mjane, ambaye kijiji kizima kilimwita Kogo, yaani nyanya. Hakuwa na mume wa kufutwa kazi wala mwana wa kunyimwa kitambulisho. Alikuwa na ng'ombe mmoja.

Na ng'ombe huyo ndiye aliyekuwa akiharibika. Kogo alikama kama walivyokama kina mama wa zamani: alimtaja ng'ombe kwa jina, akamwimbia polepole mpaka akateremsha maziwa. Sasa ndege ilipita katikati ya wimbo. Ng'ombe akaipiga ndoo teke na kuficha maziwa, na kufikia mwezi wa pili alikuwa anatoa kikombe kimoja. Mchinjaji wa Litein alikuwa amekuja mara mbili kumtazama, akimpapasa mgongo kwa mapenzi makubwa.

Mimi nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu na digrii ya fasihi, kitu chenye faida kijijini kama viatu kwa kuku. Nilikuwa nafundisha kwa muda katika sekondari ya jirani, huku nikivaa viatu vya visigino kwenye matope ili watu wasisahau nilikotoka. Nilipitishwa kuwa mkalimani bila kupingwa.

Tulikutana kwenye kituo cha kununulia majani chai. Kogo alisimama na kitambaa chake cha kanisani kichwani. Kwetu mgeni hamwagiwi malalamiko kabla ya kushukuriwa, kwa hiyo alishukuru: kwa safari, kwa mvua, kwa afya ya Mzungu na ya mama aliyemzaa. Yote hayo niliyatafsiri, Kiingereza kikinitoka puani. Mzungu akatabasamu. Karani wake, mtu wa Nairobi asiyejua neno la Kikipsigis, akaandika.

Kisha Kogo akaingia kwenye habari ya ng'ombe. Na ili aeleweke, akaimba.

Vijana waliokuwa kwenye mizani wakaangua kicheko. "Kogo!" mmoja akapaaza sauti. "Ng'ombe anataka disko!"

"Cheka tu," Kogo akamjibu. "Hayo meno yameota kwa maziwa yake."

Mzungu akaniuliza anaimba nini. Niliwaza jinsi atakavyonisimulia mezani kwao: msomi wa chuo kikuu, mkalimani wa ng'ombe. Nikamwambia ni wimbo wa kuwakaribisha wageni. Akapiga makofi. Watu walipoona Mzungu anapiga makofi, nao wakapiga. Kogo alikaa chini akiwa ameridhika.

Naibu chifu ndiye pekee aliyekuwa karibu vya kutosha kunisikia na kuelewa. Baadaye akanivuta kando. "Madam, umetuokoa," akasema. "Hiyo ya ng'ombe tungechekwa mpaka Nairobi." Nilifurahi. Nilifurahi kweli, wiki nzima.

Uamuzi ungetolewa kwa simu, na simu ya karibu ilikuwa shuleni, katika ofisi ya mwalimu mkuu. Siku hiyo Kogo alifika mapema, akakaa kwenye benchi, miguu imejaa matope, akingoja pamoja nami. Karani akapiga karibu saa sita.

"Mtaalamu amemaliza," alisema kwa Kiingereza. "Njia itapita kwenu. Wale wa bonde la pili wameleta barua ya kurasa tisa. Kwenu tumepata shukrani peke yake, tena na wimbo." Akacheka kidogo. "Lakini faili sijaifunga. Kuna lolote la kuongeza, madam?"

Kogo alinivuta mkono wa sweta. "Mwambie bado anaficha maziwa," akaninong'oneza. "Mwambie mchinjaji anarudi Jumamosi."

Mwalimu mkuu alikuwa ameinua macho kutoka kwenye gazeti lake. Walimu wawili walikuwa mlangoni wakingoja zamu yao ya simu, na wote walijua Kiingereza.

"Hapana," nikasema, kwa sauti yangu ile nzuri. "Hakuna."

Karani akakata simu.