Masaa Kumi na Tano Mpaka Winnipeg

Sijui kama nitaliandika jambo hili vizuri, shule yangu iliishia darasa la sita huko Kivu. Lakini kosa lilikuwa langu, heri niliandike mwenyewe.

Dada yangu alipopata safari ya kuhamia Kanada na watoto wake, mama alitaka kujua jambo moja tu: atakaa mu ndege masaa ngapi. Nikaenda Mbarara, kwenye kafe ya intaneti. Mwenye kafe alicheka, akaniita bwana kwa lugha ya huko. "Sebo, wewe sasa ni pailoti?" Akaandika Entebbe, akaandika Winnipeg. Mashine ikasema kilomita elfu kumi na mbili na zaidi, masaa kumi na tano. Akaniambia pia, siwezi kumsingizia: "Hiyo ni kama inaenda moja kwa moja, haisimami popote."

Neno hilo la mwisho sikulifikisha Juru, kambini kwetu. Niliona ni dogo.

Ndege iliruka saa tisa mchana. Mama akapanga punje kumi na tano za maharage juu ya mkeka, na kila redio iliposema saa, akaondoa moja. Asubuhi zikaisha. Simu haikulia. Mchana haikulia. Jioni akamwaga maji kwenye moto, akatoa godoro nje, akakaa chini. Kwetu ukiona hivyo ni msiba, huulizi, unaleta unga na kulia. Majirani wakaja, kanisa likaja na nyimbo. Mimi nilikuwa na shaka kwa sababu ya lile neno, lakini sikulisema. Niliogopa pia, sikatai.

Siku ya tatu dada akapiga. Walishukia Ulaya, wakalala huko, wakapanda ndege nyingine mbili. Watu walishangilia, wakala ule ugali wa kilio, wakarudi kwao.

Ningeomba liishie hapo. Lakini shemasi mmoja, kwa furaha tu, alimwambia dada kwa simu: "Tulikulilia sana, dada." Dada akanipigia mimi.

"Ni kweli mulinililia? Miye nilikuwa nalala chini fasi ya kungojea ndege, batoto banalia, nababembeleza: nyamazeni, bibi yenu anatuombea. Kumbe ananizika."

Nikamweleza habari ya mashine, na lile neno nililoliacha.

"Weye ulikosea masaa," akasema. "Yeye siku moja ilimushinda kuningojea?"

Nilimpelekea mama maneno hayo. Heri nisingeyapeleka. Akasema, "Mutu akikufa mu roho yako, unalia. Mimi nililia. Aniombe musamaha wa nini, nimuombe wa nini?"

Yote mawili naona yana haki, ndiyo maana sijui la kufanya. Na mama bado sijamwambia kwamba nilionywa.

Dada hupiga Jumapili, kwenye simu yangu. Anauliza kama mama anakula, kama mguu unauma bado. Mama amekaa karibu, angenyoosha mkono angeifikia. Ananitazama mdomo mpaka nimalize, kisha anauliza, "Batoto bazima?" Nikimnyooshea simu, anaanza kuchagua mchele.