Mkutano wa Bengamisa Uliomuua Dada Yangu

Tulifunga safari kwa ajili ya mtoto wa Feza, dada yangu. Msimu wa mvua uliopita, akitoka Bengamisa kuja kujifungulia Kisangani, pikipiki ilikwama topeni. Alijifungua kando ya barabara, na mtoto hakuishi hata saa moja. Mgombea mmoja wa upinzani alituma watu waombe habari hiyo kwa ajili ya kampeni. Feza alikubali, mradi isemwe kama ilivyotokea. "Museme barabara ndiyo iliua mutoto wangu," aliwaambia.

Asubuhi ya mkutano wa mgombea huyo huko Bengamisa, tulikodi pikipiki mtaani Tshopo, hapa Kisangani. Kila uchaguzi chama tawala huahidi barabara hii, na kila mvua mashimo huzidi. Mara tatu tulishuka tukatembea, tope hadi magotini. Nilitukana bila aibu.

Saa sita tulifika Bengamisa. Mgombea alipanda jukwaani akawachambua watawala vilivyo: shule bila madawati, zahanati bila dawa, fedha za njia zimeliwa. Nilipiga makofi hadi viganja vikauma. Kisha akapaza sauti: "Mama Feza na mutoto wake, wote wawili walikufa mu hii barabara! Serikali iliwaua!"

Umati ulilipuka kwa hasira. Feza alikuwa amesimama kando yangu.

Tulipenya hadi mbele, kwa msimamizi wa mkutano. "Feza ni mimi. Sikufa," dada akamwambia.

Yule bwana hakushtuka hata kidogo. "Mama, nyamaza kwanza. Wafu wawili wanaumiza watu roho kupita mumoja. Usituharibie meeting."

Damu ilinichemka! Ukweli wetu ulikuwa mzito wa kutosha. Nani aliwaomba waongeze maiti?

Jioni tulirudi nyumbani, tope hadi kiunoni. Mlangoni tulimkuta papa mmoja, mzee wa chama tawala. Habari ilikuwa imetutangulia kwa simu. Alikuwa anacheka.

"Bon, mama, kesho twende kwa radio. Useme uko muzima, opposition ni waongo, hakuna mutu alikufa mu ile barabara."

Hapo ndipo nilipoelewa uongo wa jukwaani ulikuwa umemnufaisha nani. Kwa neno moja la ziada, mgombea alikuwa amewapa watawala njia ya kumfuta mtoto wetu.

Feza alikaza kitenge chake kiunoni.

"Nitasema niko muzima, papa. Na mutoto wangu, naye utamuita kwa radio aseme iko muzima?"