Mabati Mawili ya Buluu

Nilikosa mimi, na jina langu sitoi. Mjukuu anaandika, mimi naongea tu.

Lakini wacheni nianze na siku tulipoezeka nyumba ya rafiki yangu Ouma, hapa Osiri, zamani, magoti yangu bado mazuri. Mabati yaliisha kabla ya paa. Marehemu mke wake akatuuliza, "Kwani mvua itawangoja?" Nikakimbia kwangu, nikaleta mabati mawili ya buluu niliyobakisha kwa choo. Nikayapigilia mwenyewe. Halafu nikaanguka kutoka kwa ngazi, lakini hiyo ni hadithi ingine.

Ouma alikuwa anauzia wachimba dhahabu chai na mandazi. Mwaka huu akashikwa na kifua kikuu. Aliniambia mimi peke yangu! Kliniki ikampa dawa, ikamwekea kwa simu kitu cha kumkumbusha kumeza. Alibonyeza kukubali, hajui amekubali nini. Nani husoma yale maneno yote?

Basi chifu akaita baraza. Watu wa afya wakamulika picha ukutani. Kijiji chetu chote, kutoka juu, vile mwewe huona vifaranga! Hakuna mtu alituuliza kama tunataka kupigwa picha hivyo. Paa zingine zilikuwa na alama nyekundu.

"Hizi ni nyumba zenye kifua kikuu, simu za wagonjwa zimetuonyesha," afisa akasema. "Msiogope, wazee. Hakuna jina la mtu hapa. Ni siri."

Maisha yangu yote watu husoma vitu mbele yangu, mimi nimenyamaza. Siku hiyo nilijua kusoma! Nikasimama na fimbo yangu.

"Hayo mabati ya buluu chini ya alama ni yangu! Hiyo ni kwa Ouma!"

Watu wakacheka. "Jaduong', mzee wetu, ana macho!" Halafu kicheko kikakatika. Wakamgeukia Ouma, benchi ya nyuma. Mama aliyekaa karibu naye akavuta mtoto wake.

Woi, mdomo wangu!

Kesho yake hakuna aliyenunua chai. Muuguzi akaja akawaambia watu kwamba Ouma amemeza dawa vizuri, haambukizi tena. Nani alisikia? Mandazi yalikaa mpaka yakawa mawe.

Nikaenda kumwomba msamaha. Nikamkuta anaosha sufuria ambayo haikuwa chafu.

"Omera, ndugu yangu, serikali ilificha jina langu. Wewe ukalisoma."

"Ouma, mimi sijui kusoma."

"Ulisoma."

Nyinyi mnaosoma hii, mkiambiwa jina limefichwa, msiamini haraka! Ulizeni ni nini kingine kinaonekana. Na wewe unayemjua jirani yako mpaka bati lake, funga mdomo. Mimi sikufunga.

Ouma akachukua mtungi, nikajua anaenda kuteka maji. Nikakaa mlangoni kumngoja. Akafika kisimani, akauweka mtungi chini, akapita. Nikaita, hakugeuka. Akashika njia ya kwenda barabarani.

Hajarudi mpaka leo. Simu yake imezimwa, na dawa aliacha mezani, hajazimaliza.