Kopo la Soda Kwenye Pini ya Pistoni

Dizeli na pumba za mahindi. Nikinusa hivyo viwili pamoja narudi kijijini Masoko, msimu ule wa mvua, kwenye kibanda cha mashine ya kusaga ya mama, na hasira narudi nayo. Baba alishafariki, mashine ndiyo ilikuwa inatulisha, na ndiyo ingenipeleka sekondari. Basi injini ilipoanza kugonga, mama akamwita fundi kutoka Tukuyu mjini. Alitaka aitwe Injinia. Haya, Injinia. Akaifungua, akapanga vyuma juu ya gunia pale mlangoni. Sasa kuna pini inayoshikilia pistoni na mkono wake. Ukiipaka oili inatakiwa iingie kwa kusukumwa na dole gumba, taratibu, kama inavuta miguu. Ya kwetu aliiinamisha tu ikateleza, ikaangukia gunia. Imelegea kama jino la bibi.

"Injinia, mbona inaanguka yenyewe?" mama akauliza.

"Mama Tusajigwe, wewe kapike ndizi. Injini niachie mimi."

Tusajigwe ndiye mimi. Nikamwona kwa macho yangu anachukua kopo la soda aliyotoka kuinywa, anakata kipande, anakizungushia ile pini, anaigongea ndani kwa nyundo. Nyundo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema uzibe kwa kopo la soda.

Mashine ikawaka, akasifiwa, akaondoka. Wiki haikuisha. Tulikuwa tunasaga mahindi ya msiba wa jirani, ikalia kama bati linachanwa, mkono wa pistoni ukakatika ukatoboa ubavu wa injini, oili ikaruka mpaka kwenye unga wa watu. Injinia akaja, akachungulia tundu, akaokota kile kibati kilichosagika, akakitia mfukoni. Halafu mbele ya wazee akasema, "Siku ile huyu mama aliruka vyuma pale kwenye gunia. Mwanamke akiruka pistoni, injini haikai." Wazee wakatikisa vichwa. Na kweli mama aliruka. Alikuwa anampelekea yeye chai.

"Na kopo je?" nikauliza.

"Nyamaza, mwanangu," mama akasema, macho chini.

Mashine ikauzwa chuma chakavu. Sekondari nikaisikia kwa wenzangu.

Leo nina mashine yangu ya kusaga, mtaa wa Bulyaga, Tukuyu mjini. Fundi hafungi injini kabla sijapaka ile pini oili na kuisukuma kwa dole langu. Ikianguka yenyewe, na yeye aende mwenyewe. Majuzi mmoja kaniambia, "Dada, zunguka, usiruke vyuma." Nikaruka. Nikarudi nikaruka tena, kikombe cha chai mkononi, nikainywa mwenyewe. Injini hiyo hapo inaunguruma.

Ila mama akija akakuta vyuma viko chini mlangoni, anakusanya kitenge chake, anazungukia nje kwenye mvua, anaingilia mlango wa nyuma, kalowa.

"Mama, pita tu hapa."

"Hapana, mwanangu. Isije ikaharibika na hii."