Chupa Mbili za Mwantum

Mlipuko ulitokea jikoni saa tisa alasiri, Ramadhani ya mwaka 1995. Mwantum alijitupa sakafuni, akatamka shahada, akajisukuma chini ya kitanda. Nyakabiga, mtaa wa Bujumbura, mwaka ule wa vita hakuna aliyeuliza ni nini; mtu alilala chini kwanza. Paa! Ukalia wa pili.

Kaka yake Haitham, fundi wa friji, alitambaa hadi jikoni, akafungua friji, kisha akaita: "Dada, toka. Apana bunduki. Ni maji yako."

Chupa zote mbili za kioo alizogandisha kwa ajili ya futari zilikuwa zimepasuka vipande. Mwantum alizijaza hadi mdomoni, kama alivyojaza kila kibaba dukani kwake, maana kwake kipimo pungufu kilikuwa dhambi.

"Maji yakiganda yanapanuka," Haitham alisema. "Chembe zake zinajipanga, kila moja inakaa mbali kidogo na mwenzake, katikati kunabaki uwazi. Barafu inataka nafasi kubwa kuliko maji. We umejaza mpaka juu, ukakaza na kifuniko. Yaende wapi?"

Mwantum alicheka mpaka machozi yakamtoka, akajitukana kwa ujinga wake, akainama kuokota vioo.

Paa!

"Ee, na hiyo nayo?" akafoka, bado anacheka. "Si useme ni maji tena!"

Haitham alikuwa ameshalala sakafuni, akimvuta kitenge kwa nguvu zake zote. Chupa zilikuwa mbili tu.