Anayeondoka Ndiye Anayeaga

Mwaka ule wa vita, Rumonge ilikuwa kisiwa. Si kisiwa, najua. Hata darasa la sita nililoishia linatosha kwa hilo. Lakini barabara ya kutoka Bujumbura ilikuwa ikifungwa na kufunguliwa kama mlango wa watu waliogombana, ya kwenda Nyanza-Lac vilevile, milimani hakuna aliyetaka kupanda, na njia iliyobaki ni maji. Kwa hiyo nikisema nilikwenda na meli nikatembelea kisiwa, mnivumilie. Ndivyo nilivyokiona asubuhi ile kutoka juu ya meli: michikichi, mabati, milima nyuma yake, na ziwa mbele yake likimetameta mpaka nikasahau kwamba tulikuwa tunakimbia.

Maana tulikuwa tunakimbia, ingawa polepole. Nilikuwa nampeleka bibi yangu Kigoma, kwa mwanawe, akakae huko. Nyumba ya jirani yetu, mtaani Buyenzi, ilikuwa imeungua, na mjomba akatuma neno: mleteni mama, msibishane naye. Tukabishana naye kidogo tu. Siku ya kuondoka, wapakizi wawili walimbeba pamoja na kiti chake mpaka ndani ya meli, kwa sababu goti lake la kulia lilikuwa limekataa kukunjika tangu masika. Yeye aliwaambia watu waliokuwa wakitazama kwamba abiria wazee wote hubebwa hivyo, ni heshima ya meli.

Mimi nilikuwa sijawahi kupanda kitu kikubwa kuliko boti ya mbao. Sitajisifu kwamba nilikaa kwa utulivu. Nilipanda ngazi na kushuka, nikagusa kamba, nikachungulia jikoni mpaka nikafukuzwa. Bibi alikaa chini, daraja la tatu, karibu na mlango mkubwa wa ubavuni wanakopitisha mizigo, akisema hapo iko upepo. Ukweli ni kwamba ngazi zilimshinda. Lakini upepo ulikuwepo pia, sitaki kumsingizia.

Meli ilitia nanga mbele ya Rumonge kupakia mafuta ya mawese kutoka mashamba ya Kizuka. Baharia mmoja akapita akitangaza: anayetaka kushuka ashuke, jioni tunaondoka, asiyerudi ajue kuogelea. Bibi akanishika mkono.

"Mwanangu, nenda umulete mudogo wangu. Mwambie dada yake iko hapa, aje tuonane."

Mdogo wake, ambaye mimi namwita bibi mdogo, alikaa kijiji cha pwani kwenye barabara ya Nyanza-Lac. Kwa sababu ya vita walikuwa hawajaonana muda mrefu, na wote wawili walikuwa wamefika umri ambao mtu haulizi Kigoma iko mbali kiasi gani, kila mahali ni mbali. Kama siku ile isingewakutanisha, sikuona siku nyingine ya kufanya hivyo.

"Nitamwambia wewe huwezi kushuka, goti—"

"Goti usilitaje!" Alinibana mkono zaidi. "Mudogo ndiye huja kwa mukubwa wake. Hiyo inahitaji goti?"

Nikaapa sitalitaja. Kisha nikashuka kwa ngazi ya kamba, nikaingia katika boti iliyokuwa ikileta watu nchi kavu, na nitasema kweli: kabla hatujafika mchangani nilikuwa nacheka peke yangu. Bujumbura tulikuwa tumezoea kufunga mlango mapema na kusikiliza. Hapa nilikuwa na siku nzima, jua, na kazi ya kufanya.

Kwenye kituo cha mabasi niliuliza kama barabara iko wazi.

"Iko wazi sasa," kondakta akasema. "Mambo ya baadaye usiniulize, mimi si nabii."

Magari hayakwenda peke yake. Yalingojana, kisha yakafuatana nyuma ya gari la askari, kama bata na mama yao. Nilikaa dirishani, upande wa kulia, upande wa ziwa. Kila michikichi ilipoachana niliiona meli yangu nyuma, ndogo zaidi na zaidi, nikawa naionyesha kwa mama aliyekaa pembeni yangu kana kwamba niliijenga mimi. Aliitikia kila mara. Alikuwa mtu mwema.

Kwenye kizuizi tulishuka wote, tukavuka kwa miguu, kila mmoja na kitambulisho chake mkononi. Askari akasoma changu.

"Wewe wa Bujumbura unatafuta nini huku?"

"Bibi yangu."

"Iko wapi?"

"Mmoja iko kwenye meli, mwingine iko mbele."

Akaniangalia, kisha akawageukia wenzake. "Huyu iko na bibi mbili, mimi hata mmoja sina. Pita, tajiri."

Nilimkuta bibi mdogo mchangani, akigeuza dagaa zilizoanikwa, ndagala tunavyoziita. Aliponiona alisimama na ufagio mkononi, uso ukamkauka.

"Nani amekufa?"

Miaka ile mgeni wa ghafla alikuwa na maana moja. "Hakuna, bibi. Amahoro, ni amani tu. Hakuna aliyekufa."

"Amahoro, amahoro." Akavuta pumzi. "Basi kaa. Ungeanza na hilo."

Nikamweleza yote isipokuwa lile nililokatazwa. Nilitegemea atarusha ufagio na kukimbilia kitenge. Badala yake alirudi kwenye ndagala zake.

"Anayeondoka ndiye anayeaga," alisema. "Nani anahama? Mimi? Mimi niko kwangu. Mtu akihama inchi, anapita kwa watu wake, anabisha hodi, anakaa, anakunywa maji, anasema mimi naenda. Hatumi mutoto."

"Anasema mdogo ndiye huja kwa mkubwa."

"Kama mukubwa iko kwake! Sasa yeye iko kwake? Iko kwenye maji!"

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi, na kila nikitaka kumpa mmoja haki yule mwingine ananivuta nguo. Bibi alikuwa na haki, mdogo huja kwa mkubwa, nasi sote tumelelewa hivyo. Bibi mdogo alikuwa na haki, anayeondoka ndiye anayeaga, na asipoaga watu husema ametoroka. Neno moja tu lingelimaliza jambo lile, nalo nilikuwa nimeliapia. Nilikaa pale juu ya mtumbwi uliopinduliwa, nikipiga miguu mchangani kama mtoto anayehitaji kwenda msalani.

Bibi mdogo akageuza mstari mwingine wa ndagala. Bila kuniangalia, akauliza:

"Goti lake linaendeleaje?"

Nikageuza uso nikaangalia kuku. Walikuwepo kuku wawili, niliwaangalia sana.

Ufagio ukasimama. Ukakaa umesimama.

"Bon, sawa," alisema mwishowe. "Mimi siendi kuonana naye. Asije akasema nimemfuata. Lakini ndugu yangu anasafiri, na mtu akisafiri anasindikizwa. Hiyo ni haki yangu, hakuna wa kuninyima. Nitamusindikiza."

Niliruka nikamkumbatia. Akaniambia niangalie ndagala zake.

Lakini mtu hasindikizwi mikono mitupu. Lazima impamba, chakula cha njiani, na impamba ya mtu anayekwenda kabisa haipikwi haraka. Akanunua samaki kwa jirani, mikeke ya ziwani, akaipaka chumvi, akawasha moto. Mikeke ikachomwa upande mmoja, ikachomwa upande wa pili, ikapakwa mawese, ikarudishwa. Akasonga ugali wa muhogo, akaufunga pamoja na samaki kwenye majani ya mgomba. Mimi nilikuwa naenda barabarani na kurudi, barabarani na kurudi.

"Bibi, meli!"

"Meli haili samaki mbichi."

Safari ya mwisho niliyokwenda barabarani, nilikuta kimya. Muuza ndizi akaniambia kizuizi kimefungwa, kumesikika milio ya risasi huko juu, hakuna gari mpaka kesho. Nikarudi mbio nikidhani yote yameharibika. Bibi mdogo alikuwa amekwisha kuvaa kitenge kizuri, kikapu kichwani, anaelekea majini.

"Nani alikuambia tunakwenda na gari?" akasema. "Gari ni za watu wa Bujumbura."

Boti ya abiria ya kwenda Rumonge ilikuwa inajaza watu. Tuliingia na maji mpaka magotini, tukakaa kwenye mbao, kati ya mama mmoja mwenye magunia ya ndagala na mwanamume aliyepakata sufuria iliyofungwa kwa kitambaa. Mke wake alikuwa amejifungua hospitali ya Rumonge, naye alikuwa akimpelekea chakula. Dereva akavuta kamba ya mashine, ikakohoa, ikakubali, tukaondoka. Upepo, matone usoni! Nilikuwa nimeamini kwamba tumeshinda.

"We dada," dereva akaniita. "Ile inayokuja si meli yenu?"

Ilikuwa meli yetu. Ilikuwa inakuja moja kwa moja upande wetu, moshi juu, na jua halijaanza hata kushuka. Baadaye niliambiwa kwamba kwa ajili ya ile milio walitakiwa kuondoka mapema. Wakati ule nilijua tu kwamba bibi yangu yumo mle peke yake na kwamba inapita.

Nikasimama, boti ikayumba, watu wakanikemea. Dereva akavua shati lake jekundu akalipeperusha.

"Tuisogelee!" nikasema.

"Tusogelee nini?" akasema mwenye sufuria. "Mimi nimelipa kwenda Rumonge. Rumonge ni kule."

"Ni bibi mbili wanaagana," akasema mama wa ndagala, ambaye alikuwa amekwisha kupewa habari yote. "Hawaonani tena."

"Na mke wangu hajala tangu jana. Yeye si mtu?"

Alikuwa na haki kuliko sisi wote. Hata hivyo dereva alikuwa amekwisha kugeuza boti, na siwezi kusema nilisikitika.

Meli ikapunguza mwendo. Mabaharia wale walizoea abiria wa kuchelewa. Mlango wa ubavuni ukafunguliwa, kamba ikarushwa, dereva akaidaka. Na pale mlangoni, juu ya kiti chake, kana kwamba amewekwa hapo apokee wageni, alikuwa bibi.

Walitazamana. Kati yao palikuwa na maji ya upana wa mkeka.

"Umechelewa," bibi akasema.

"Nani amechelewa? Wewe unakimbia kabla ya saa!"

"Umekonda."

"Wewe umenenepa. Hivi vita ya Bujumbura iko na chakula?"

Mabaharia wakacheka, bibi mdogo akacheka, halafu wote wawili walikuwa wameshikana mikono juu ya maji na sikuona tena vizuri. Nikavutwa ndani kwa kwapa, kikapu nyuma yangu. Meli ikaanza kusogea polepole, boti ikiburutwa pembeni kwa kamba yake.

"Mama, tuachie sasa," baharia akasema.

"Ngoja," akasema bibi mdogo. "Sijafika pa kurudia. Wewe unasindikiza mgeni wako mpaka mlangoni tu?"

"Tunarudi tulikotoka!" mwenye sufuria akapiga kelele. "Ungekuwa mama yangu ningekutupa majini!"

"Ningekuwa mama yako ungekuwa na adabu. Mwanangu, hebu nipe kikapu." Nikampa. Akatoa mkeke mmoja, mkubwa kuliko wote, akamwekea juu ya sufuria, akanirudishia kikapu. "Huyo ni wa mzazi. Mwambie ametoka kwa watu waliomchelewesha. Pole sana."

Akakaa na samaki wake. Sijui kama alimsamehe. Lakini aliweka mkono juu ya samaki asianguke.

Tukaenda hivyo, meli na boti, kama mtu mzima anayemshika mtoto mkono. Wakaulizana habari za waliokufa na waliozaliwa, haraka haraka, wakikatizana. Kisha pwani zikajitokeza ndagala zilizoanikwa, mtumbwi uliopinduliwa, nyumba ya bati yenye mlango wa buluu.

Bibi akanyanyua shingo. "Ile si nyumba yako?"

"Ndiyo yenyewe."

Bibi akajiweka sawa kitini. Akavuta mtandio kichwani. Akaielekea ile nyumba, ng'ambo ya maji, akaita kwa sauti ambayo sikujua bado anayo:

"Hodi!"

Bibi mdogo alisimama katika boti, mama wa ndagala akimshika kiuno asianguke.

"Karibu!"

"Sikai. Nimekuja kuaga. Mimi naenda."

"Uende amahoro, dada yangu. Na mimi pa kurudia ni hapa."

Ndipo akaachia mkono. Au bibi ndiye aliyeuachia kwanza. Nilikuwa hapo na siwezi kuapa. Kamba ikatupwa, mashine ikaunguruma, boti ikageuka kuelekea Rumonge kwa kasi ambayo nadhani mwenye sufuria alikuwa amekwisha kuiagiza. Bibi mdogo hakugeuka nyuma. Anayesindikiza akigeuka, wanasema, humrudisha msafiri.

Bibi alingoja mpaka mlango ukafungwa. Kisha akafungua majani ya mgomba juu ya mapaja yake, na mvuke ukatoka, mikeke bado ina moto.

"Aliuliza habari ya goti?"

"Aliuliza."

"Wewe ukasema nini?"

"Sikusema kitu. Niliangalia kuku."

Alitafuna kidogo, akatoa mwiba mdomoni, akanisogezea kipande cha tumbo, chenye mafuta, ambacho kwa kawaida hampi mtu.

"Mutoto mjinga," alisema, huku mabega yakimtikisika kwa kicheko. "Kula."