Soko la Maboksi na Vikonyo vya Mpapai

Jana wifi yangu kawashia mkaa nyumba ya maboksi aliyoijenga binti yangu. "Takataka tu hizo, wifi," ananiambia huku anapepea jiko. Nimegombana naye mpaka majirani wakatoka nje. Hajui takataka zile zimenirudisha wapi.

Wewe uliyekulia Kariakoo unakumbuka soko jipya lilivyokuwa linajengwa. Mashine zinanguruma tangu asubuhi, vumbi la saruji mpaka kwenye chai. Nilikuwa darasa la nne, na mimi nikalijenga langu uani kwa bibi. Boksi la sabuni, wembe mkuukuu, paa za umbo la miavuli kama za soko lile, nikazipaka mshumaa zisilowe. Nguzo zilikuwa vikonyo vya majani ya mpapai, vile vyenye tundu katikati. Kipimo changu kilikuwa hiki: hatua zangu kumi kando ya uzio wa mabati wa ujenzi ule, kwangu kijiti kimoja cha kiberiti. Gundi ni uji wa ngano, na mwaka ule unga ulikuwa wa kupangia foleni. "Sasa tutakula hilo soko lako?" bibi alifoka. Kisha akanipimia kijiko kimoja, nami kilichobaki kidoleni nikakiramba.

Shuleni kulikuwa na maonyesho ya kazi za mikono. Wavulana meza ya ujenzi, wasichana meza ya ukili wa kushonea mikeka na vitambaa. Mimi nilitaka meza ya ujenzi, basi.

Siku moja kabla, fundi zege wa soko jipya, aliyepanga chumba cha uani, akainama kulitazama langu, akacheka mpaka akakaa chini. "We binti, mbona miavuli umeifunika? Yetu imelala chali! Mvua inaingia kwa juu, inashuka ndani ya nguzo mpaka tangini."

Nilipita kwenye ujenzi kila siku, macho chini, nahesabu hatua. Kumbe juu sijawahi kutazama. Nikabandua paa zote, nikazigeuza, nikazitoboa katikati, chini nikaweka kopo la maziwa liwe tangi.

Siku ya maonyesho mwalimu hakulitazama mara mbili. "Hili kakujengea kaka yako. Peleka ukili wako kule."

"Sina kaka, mwalimu. Na ukili sina."

Nikachota maji mtungini, nikamimina juu ya paa. Yakazama kwenye miavuli, yakapita ndani ya vikonyo, kopo likaanza kulia: ti, ti, ti. Wavulana wakapiga kelele, "Lina tangi! Lina tangi!" Mwalimu akachungulia chini, akasogeza gari la waya la mvulana mmoja, akaniwekea nafasi.

Kabla ya saa sita ule uji ulishalowa. Nguzo moja ikaachia, ya pili ikafuata, soko zima likalala.

Bibi hayupo tena. Fundi alihama soko lilipokwisha kujengwa, sikumuuliza hata kwao ni wapi. Mipapai ya uani imekatwa, pamejengwa vyumba. Na watoto wetu tunawakataza kuchafua mikono, hasa wa kike. Nikimsimulia mtu kwamba soko langu lilianguka siku ileile, ananionea huruma. Asinihurumie. Lilianguka juu ya meza ya ujenzi.